Shahidi wa Saa Kumi na Mbili

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa moja kamili asubuhi, mzee wa kiwanda cha barafu alitoa jiwe moja la barafu la kilo kumi kwenye kalibu yake, akalishika kwa koleo na kulipeleka kwenye mlango wa ubavuni, kule jua lisikofika. Aliliweka juu ya ubao uleule, mahali palepale, kisha akatazama saa ya ukutani na kuandika kwenye daftari. Jiwe hilo halikuuzwa. Halikufunikwa gunia wala halikuzungushiwa unga wa mbao. Lilipoisha kabisa na ubao ukabaki na unyevu tu, mzee alitazama saa tena, akaandika tena. Jiwe hilo aliliita shahidi.

Mambo hayo aliyaanza ujanani, mwaka ule alipokabidhiwa funguo za chumba cha mashine. Mwenye kiwanda wa wakati huo alimfokea mbele ya wateja kwamba barafu yake ni laini, inaisha njiani. "Laini?" akajibu. "Basi ikae hapa mlangoni tuitazame wote." Ikakaa. Ilikaa tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, watu wanakuja na kuondoka, na mwenye kiwanda akamwomba radhi hadharani. Bwana huyo alikwisha kufa zamani na kiwanda kikabadili wenyewe mara tatu, lakini shahidi hakuacha kutoa ushahidi. Miaka thelathini na moja. Sasa lilikuwa daftari la nne.

Wenzake walimwita Baba Baridi. Humo kiwandani alikuwa na sheria zake, na mojawapo ilikuwa kwamba neno kuyeyuka halitamkwi. Barafu ilitoka jasho, ilipungua mwili, ilimaliza kazi. Kuyeyuka ilikuwa lugha ya wateja wenye visa. Mpakiaji wake, jitu la miraba minne lililopachikwa jina la Kompresa kwa sababu ya kuhema kwake, lilipenda kumchokoza.

"Mzee, hili moja naona limeyeyu..."

"Limefanyaje?"

"Limetokwa jasho, mzee. Nadhani lina homa."

Basi ikabandikwa barua ya halmashauri kwenye ubao wa matangazo wa mtaa.

Mtaa wenyewe ulikuwa bondeni, nyuma ya ukuta wa bahari, na kwa miaka kadhaa maji ya bamvua, yale ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yalikuwa yakipanda kupitia mitaro na kutokeza katikati ya barabara kama mgeni aliyekosea mlango. Barua ilisema hivi: kutokana na kuyeyuka kwa barafu ya ncha ya kaskazini ya dunia, kunakosababishwa na mabadiliko ya tabianchi, bahari inatarajiwa kuendelea kupanda. Viwanja vimepimwa kule juu mlimani. Kila familia ijiandikishe. Mwisho ni Ijumaa, saa tisa alasiri, na kiwanja cha asiyejiandikisha kitapewa mtu wa mtaa mwingine.

Baba Baridi aliisoma mara mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Kilichomchoma ni lile neno. Kuyeyuka, limeandikwa kwa herufi za mashine na kupigwa muhuri.

"Ati barafu ya kaskazini," alisema jioni ile nyumbani, akivua viatu. "Mimi nimelala na barafu maisha yangu yote. Nani wa kunifundisha barafu?"

Binti yake alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi mezani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanawe wa pekee, aliyerudi nyumbani na mtoto wa kike wa miaka minne baada ya ndoa kumshinda.

"Baba, hakuna anayekufundisha barafu. Wanakwambia habari za maji."

"Maji yalikuwepo kabla yako, mama."

"Yalikuwepo barabarani. Mwezi uliopita yalifika kizingitini. Mtoto analala kwenye godoro chini, baba, mimi usiku nainuka kupapasa sakafu kwa mkono." Alichomoa karatasi chini ya madaftari. "Nimechukua fomu. Mzazi mwenye mtoto anaruhusiwa kujiandikisha peke yake. Nilitaka tujiandikishe pamoja, lakini ukikataa, mimi na mwanangu tutakwenda. Sitaki ulisikie jambo hili kwa majirani."

Mzee alitazama mlango wa chumba cha ndani. Nyumba hiyo waliijenga yeye na mkewe, wakibeba matofali wenyewe siku za mapumziko, na katika chumba kile ndimo mkewe alimovuta pumzi ya mwisho huku mzee kamshika mkono. Hakuna halmashauri inayopima kiwanja cha namna hiyo.

"Kesho kutwa kuna mkutano," akasema mwishowe. "Njoo useme yako, nami niseme yangu. Nikishindwa, nitaweka sahihi."

"Na ukishinda?"

"Utaichana hiyo karatasi."

Binti alicheka kidogo, kwa uchovu. "Haya, baba. Lakini usije na hasira, njoo na hoja."

Jumatano alasiri chumba cha darasa la sita kilijaa mpaka madirishani. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga videvu. Mwenyekiti wa mtaa aligonga meza kwa funguo.

"Mada mnaijua. Barafu ya kaskazini inayeyuka kwa sababu ya hili joto la dunia, ama ni maneno tu? Mzee ataanza, mwalimu atafuata. Matusi hakuna."

"Na atakayeshindwa aoshe ndoo!" fundi viatu akapiga kelele kutoka nyuma.

Ndoo ilikuwepo kweli. Kompresa aliingia nayo kifuani, ina maji robo tatu, akaitua mezani kwa adabu kama anayetua mtungi wa mama mkwe. Baba Baridi alitumbukiza vipande vya barafu, akaongeza maji kwa kikombe taratibu mpaka yakalingana na ukingo kabisa, tone moja zaidi yamwagike.

"Hii ndoo ni bahari," alisema. "Hivi vipande ni barafu yao ya kaskazini, inayoelea. Tuviache vitoke jasho."

"Viyeyuke, baba," binti akasema. Watu wakacheka.

Wakangoja. Mzee aliwasimulia jinsi barafu inavyoumuka ikiganda, jinsi inavyopasua chupa, jinsi inavyoelea kwa kuwa imejitanua. Vipande vikapungua, vikawa kama kokwa, vikawa kama mbegu, vikapotea.

"Imemwagika! Naona maji!" fundi viatu akasimama.

"Hilo ni jasho la ndoo kwa nje, wewe. Njoo upapase." Mzee akapangusa ubavu wa ndoo kwa kitambaa, akaonyesha ukingo. Maji yalikuwa palepale. Hata tone halikumwagika. "Haya. Barafu yote imekwisha. Bahari imepanda wapi?"

Makofi yakapigwa, na Kompresa akapiga zaidi ya wote, ingawa mfukoni alikuwa ameficha fomu yake.

Binti yake alisimama. Hakuharakisha. Alichukua kibao cha kukatia mboga alichokuja nacho, akakilaza juu ya mdomo wa ndoo ileile, akaomba kipande kingine cha barafu na kukiweka juu ya kibao.

"Baba amesema kweli," alisema. "Inayoelea haipandishi bahari, na aliyeandika ile barua angekuwa mwanafunzi wangu ningempa nusu. Ila huko kaskazini kuna nchi kavu, kubwa mno, imefunikwa barafu nene kuliko mlima wetu huu. Hiyo haielei. Imekaa juu ya kibao." Wakati huo kibao kilikuwa kimeanza kudondosha, na ndoo, iliyokuwa imeshiba, ikatema tone la kwanza, la pili, kisha uzi mwembamba ukashuka mezani na kulowesha karatasi za mwenyekiti. "Na hata ile inayoelea tusiidharau. Ni nyeupe, inalirudisha jua kama bati lililopakwa chokaa. Ikiondoka, bahari nyeusi inalimeza joto lote, na dunia inazidi kuchemka. Na kinachochemsha ni moshi wetu. Magari, mashine, mitambo ya umeme."

Mama mmoja aliyekaa mbele alivuta miguu yake nyuma, maji ya mezani yasimdondokee.

"Sawa," mzee akasema, na sauti yake haikuwa ileile. "Tuseme ndivyo. Lakini nani ameiona ikipungua? Nani amekaa nayo?"

"Wapo, baba. Wameipima miaka na miaka, mahali palepale, kwa mpango uleule, kama wewe." Alimgeukia kabisa sasa, akaacha kuzungumza na watu. "Tena mimi sihitaji hata wao. Jamani, wengi hamjui, baba yangu ana shahidi. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa naye pale mlangoni, namngojea amalize, nalala mapajani mwa baba na kuamshwa. Miaka thelathini na moja baba anaandika barafu ileile inachukua muda gani. Kama joto limezidi, shahidi atakuwa anakufa mapema. Kama halijazidi, basi mimi ndiye nimetishwa na makaratasi." Akamsogelea hatua moja. "Baba, waambie. Siku hizi shahidi anamaliza saa ngapi?"

Baba Baridi alijua. Jumatatu ya juzi shahidi alimaliza saa tisa kasorobo. Mwaka jana ilikuwa saa tisa na dakika chache. Alijua jinsi tarakimu zilivyokuwa zikitambaa ukurasa kwa ukurasa kutoka kumi na mbili kwenda kumi na moja, kwenda kumi, na alijua visingizio vyote alivyojaribu: akabadilisha ubao akaurudisha, akachuja maji, akaziba upenyo wa upepo, akanunua saa mpya. Alijua na kingine ambacho hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa binti huyu alipokuwa na miaka saba, kwamba baridi haitengenezwi. Hakuna mtu duniani aliyewahi kutengeneza baridi. Mashine inachota joto ndani na kulimwaga nje, nalo jenereta linaongeza lake na moshi juu. Ukuta wa nyuma wa kiwanda huwezi kuuegemea. Miaka thelathini na moja alikuwa akimwaga joto nyuma ya ukuta na kujiita Baba Baridi.

Akakiona kile chumba cha ndani, na mkono wa mkewe uliokuwa mkononi mwake.

"Saa kumi na mbili jioni," akasema. "Kama siku ya kwanza."

Binti alimtazama muda mrefu kidogo. Haikuwa kwa shaka, na hapo ndipo penye balaa. Alimtazama kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani na shingo bado haijazoea.

"Kweli, baba?"

"Shahidi hasemi uongo."

"Basi," akawaambia watu. "Kama shahidi amesema hivyo, mimi sina la kuongeza. Mzee wangu mnaweza kumshinda kwa mengine yote, lakini kwa barafu hajawahi kudanganya mtu."

Walipiga makofi, wakacheka, fundi viatu akamkabidhi mwalimu kitambaa aoshe ndoo. Nyumbani, kabla hata ya kuvua mtandio, binti aliichana ile fomu vipande vinne, akaviweka kwenye pipa. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu.

"Unataka chai, baba?"

"Niwekee," akasema.

Ijumaa asubuhi Kompresa alimkuta akitoa jiwe la kilo kumi.

"Mzee, leo si Jumatatu. Shahidi ameitwa na mahakama gani?"

"Fanya kazi yako."

Kompresa alihema, akajikuna shingo. "Nisikufiche, Baba Baridi. Mimi nimejiandikisha. Jana. Yule mke wangu alinipeleka kwa kunishika sikio. Usinichukie."

"Sikuchukii."

"Makofi nilikupigia kwa moyo, lakini."

Mzee alimweka shahidi juu ya ubao saa moja kamili, akavuta kreti na kukaa mbele yake. Alikuwa ameyapanga mambo kichwani usiku kucha. Ofisi ya halmashauri ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na ilifungwa saa tisa. Kama shahidi atafika saa kumi na mbili jioni, hata saa kumi na moja, basi hakusema uongo, alitangulia ukweli tu kwa siku mbili. Kama atakufa mapema, ataondoka mbio, ataandikisha majina yote matatu, kisha ataketi mbele ya mwanawe na kusema. Lakini kwanza shahidi amalize. Maisha yake yote hakuwahi kuandika saa ya jiwe ambalo halijamaliza.

Siku hiyo kulikuwa na wingu, na upepo kidogo. Akatumaini. Saa nne jiwe lilikuwa bado na pembe zake. Saa sita likawa duara. Saa saba Kompresa alimletea chakula, hakukigusa. Saa nane lilikuwa kama mkate mdogo, na bado mzee alijiambia kwamba mwisho wake huwa mrefu, kwamba aliwahi kuona kipande cha ukubwa huo kikikaa muda mrefu siku ya baridi. Ilikuwa siku gani hiyo? Hakukumbuka. Saa nane na nusu lilikuwa ukubwa wa kiganja. Angeweza kuinuka wakati huo. Kompresa mwenyewe alimwambia, "Mzee, kama una pa kwenda, nenda, nitakutazamia." Akatikisa kichwa. Huwezi kuondoka shahidi akiwa bado anazungumza.

Saa tisa kasoro dakika mbili, ubao ukawa na unyevu tu.

Aliandika. Alikuwa na adabu hiyo mpaka mwisho, aliandika kabla ya kukimbia.

Alikimbia kwa miguu ya miaka sitini na saba, akipita masoko na vituo, mkono mmoja umeshika miwani. Alipofika, karani alikuwa anafunga kitasa, begi begani.

"Mwanangu, nina majina matatu."

"Mzee, saa tisa na robo hii. Daftari limekwenda na gari." Karani hakuwa mtu mbaya, alisita kabisa na funguo mkononi. "Ulikuwa wapi wiki nzima, baba?"

Mzee alifikiria jibu la swali hilo njia nzima ya kurudi. Alipofika nyumbani alimkuta binti yake anampangia mtoto vitabu kwenye rafu ya chini kabisa, ili avifikie mwenyewe. Siku hiyo hakusema. Kesho yake hakusema. Kila siku iliyopita bila kusema iliifanya inayofuata kuwa nzito zaidi.

Mwezi wa tano tangu siku ile, bamvua lilikuja mchana wa Jumapili, mbingu safi, bila dhoruba, bila kelele. Maji yalipita kizingitini kama wenye nyumba. Yaliinua godoro la mtoto na kulizungusha polepole chumbani. Yakaingia chumba cha ndani, yakasimama usawa wa kitanda, na yalipoondoka jioni yaliacha mstari ukutani, ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Vitabu vya rafu ya chini vilikuwa uji. Kule mlimani, Kompresa na mkewe walikuwa wakipaua chumba cha pili.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu ya kwanza. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya maji, na binti akaja kiwandani na mtoto mgongoni, sketi imekauka chumvi. Hakusema amefuata nini. Alivuta kreti, akaketi mbele ya shahidi kama zamani, mtoto akamkalisha mapajani.

"Mama, hii barafu ya nani?"

"Ya babu. Tunaingojea."

Wakaingojea. Mzee alikwenda na kurudi na koleo lake, akipakia, akihesabu makalibu ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Angeweza kulifunika gunia. Wazo hilo lilimjia kweli, na akaona aibu kwamba limemjia. Mtoto alilala, akaamka, akaomba maji. Saa tisa kasoro dakika ishirini ubao ulikuwa na unyevu tu. Binti aliinua macho kutazama saa ya ukutani, kisha akanyoosha mkono kwenye ndoana na kutwaa daftari. Aliandika tarehe na saa kwa mwandiko wake wa kiualimu. Halafu, kwa kuwa kalamu ilikuwa tayari mkononi na ukurasa ulikuwa wazi, alisoma mstari wa juu yake. Akasoma wa juu ya huo. Akafunua nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka, mpaka akaufikia ule mwezi wa mdahalo, saa tisa kasorobo, na chini yake Ijumaa moja, peke yake kati ya Jumatatu zote.

Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa inaunguruma.

"Siku ile darasani," alisema, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayemfungulia mwenzake mlango. "Labda ulikuwa umezisoma vibaya tarakimu hizi, taa hafifu. Umri nao. Hukuwa umevaa miwani, eh, baba?"

Mzee alishika koleo kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa amechovya kidole kwenye unyevu wa ubao na kuchora mstari.

"Nilivaa," akasema.

Binti alifunga daftari, akalirudisha kwenye ndoana yake, taratibu, lisianguke. Akamfunga mtoto mgongoni. Mzee alingoja aseme neno, lolote, hata tusi, na angelipokea kama chakula. Lakini yeye alikwisha kutoka, akipita kando ya ukuta wa nyuma, na mtoto alipotaka kuugusa akamshika mkono na kumwambia, acha mama, hapo panaunguza.